Kisogo cha Mgeni

Watu wenye maneno mengi wana ugonjwa mmoja wasioujua: hudhani kila anayewasikiliza anawapenda. Chiriku alikuwa nao tangu utotoni, na kwa kuwa haukuwahi kumdhuru, hakuwahi kuutafutia dawa. Jina hilo alibandikwa na mwenye saluni wiki ya kwanza tu alipoanza kazi, likamganda kuliko lile alilopewa na baba yake. Alikuwa msusi mzuri, mwenye vidole vyepesi visivyoumiza kichwa, na mdomo wake ulikwenda sambamba na vidole. Vidole vikipumzika, mdomo uliendelea.

Kazi yenyewe ilimdekeza. Wateja wa kuosha na kukausha walikaa kwenye viti virefu mbele ya vioo, lakini wa kusuka walikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kwa ajili ya mwanga, wakitazama barabarani. Msusi alikaa nyuma yao, kichwa cha mtu katikati ya magoti yake. Kwa hiyo Chiriku hakuzungumza na nyuso. Alizungumza na visogo, asubuhi hadi jioni, na kisogo hakikunji ndita wala hakimkati mtu jicho kumwonya kwamba hapo amepitiliza. Kisogo husema "mh" na "ikawaje?" basi. Ukizoea kukiambia kisogo mambo yako, unasahau kwamba upande wa pili kuna mtu.

Sasa huyohuyo Chiriku ndiye aliyepewa siri ya kutunza. Tusimlaumu aliyempa, maana mfa maji hukamata maji, na mdogo wake hakuwa na ndugu mwingine karibu. Mdogo wake huyo alikuwa ameolewa na dereva wa breki dauni, lile gari la njano lenye mnyororo na ndoano, la kuvuta magari mabovu barabarani. Watu walimwita Winchi. Alikuwa mpole wa sauti, hatukani mtu, na majirani walimsifu. Ndani ya nyumba alikuwa mtu mwingine. Mara ya mwisho mkewe alipojifungia chumbani na mtoto, Winchi hakugonga mlango. Alitoka nje, akawasha gari, akalirudisha nyuma polepole mpaka dirishani, akafunga ndoano kwenye nondo, akaling'oa dirisha zima na fremu yake. Kisha akachungulia kwenye lile tundu akamwuliza mkewe kama chakula kiko tayari. Polisi walipoambiwa walisema dirisha ni lake mwenyewe. Haikupita wiki, mke na mtoto wakatoroka.

Chiriku hakuwaweka kwake, maana kwake kulijulikana. Alikuwa na mteja, muuguzi, aliyekwenda masomoni mji mwingine akamwachia ufunguo wa chumba chake ili awe anakipitia mara mojamoja. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la kuoka mikate, na humo ndimo alimowaficha. Winchi alifika kwa Chiriku kama ilivyotarajiwa. Alibisha hodi kwa adabu, akatazama chini ya kitanda, akafungua kabati, akashukuru, akaondoka. Tangu hapo gari la njano likawa linaonekana ng'ambo ya saluni, limezimwa, na yeye ndani anakula karanga na kutazama mlango.

Mdogo wake alikuwa na ombi moja tu. "Dada, akinipata ataniua," alisema, bila kulia. "Usimwambie mtu. Hata mtu mzuri usimwambie."

Chiriku aliapa kwa kaburi la mama yao, na aliapa kwa moyo mmoja. Wenye maneno mengi si waongo. Wakiapa huwa wamemaanisha, mpaka wapate msikilizaji.

Alikwenda kuwaona siku zile tu ambazo Winchi alisikika yuko mbali. Siku moja Winchi aliitwa kuvuta lori lililopinduka nje ya mji, na jioni hiyo Chiriku akapenya sokoni, akatokea nyuma ya duka la mikate, akapanda ngazi na mkebe wa mafuta na chanuo ili amsuke mtoto. Mtoto alikuwa na nywele laini zisizo na shida isipokuwa mahali pamoja. Kisogoni, upande wa kushoto, palikuwa na kishungi kilichoota kuelekea juu badala ya chini, kikijisokota na kukataa kushikwa. Chiriku alikipaka mafuta, akakivuta, akakitukana kidogo. Mdogo wake akacheka, cheko lake la kwanza tangu wahamie humo, akamwambia aachane nacho. Hicho ni cha ukoo wa baba wa mtoto, alisema, wote wanacho, hata waliokufa wamezikwa nacho.

Wakati wa kushuka, Chiriku alikutana kwenye ngazi na jirani wa ghorofa hiyo, mzee mstaafu wa posta, na wenye maneno wakikutana hakuna anayeaga. Walimaliza habari ya maji yaliyokatika, wakamaliza habari ya mguu wa mzee, kisha mzee akauliza wale wapangaji wapya mbona hawatoki nje hata kuota jua. Chiriku akacheka. Akamwambia ni watu wake, wana matatizo kidogo na baba wa mtoto, basi mzee asijali. Mzee akasema yeye alishika barua za watu maisha yake yote na hajafungua hata moja. Wakapeana namba za simu. Ndipo Chiriku akakumbuka kwamba amesahau chanuo, akarudi juu, akamkuta mdogo wake amesimama nyuma ya mlango.

"Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu. Tulizungumza mambo ya maji tu."

Mdogo wake alimtazama kwa muda. Halafu akamkumbatia, kwa nguvu kuliko kawaida yake, na Chiriku akaenda zake amefurahi, akidhani ameshukuriwa.

Kesho yake asubuhi saluni ilipata mteja mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio, mwenye sauti ya chini. Alitaka mistari myembamba ya kulazwa, inayoanzia kwenye paji la uso na kwenda mpaka shingoni, ambayo ni kazi ya karibu siku nzima. Mwosha nywele alimwosha, akamkausha, akamkabidhi kwa Chiriku. Mgeni akakaa kigodani, akaweka simu yake mapajani, akatulia. Chiriku aligawa mstari wa kwanza upande wa kulia, juu ya sikio, na papo hapo akafungua mdomo.

Alianza na mwenye nyumba wake, akahamia kwa wanaume kwa jumla, na kutoka kwa wanaume kwa jumla hadi kwa mwanamume mmoja ni hatua fupi. Hakutaja jina la mtu, na kwa kutotaja jina alijiona hodari wa kutunza siri. Kuna dada mmoja namjua, alisema. Mistari michache baadaye yule dada mmoja akawa ndugu yangu mmoja, na kabla hawajafika utosini akawa mdogo wangu. Alisimulia ndoano na dirisha. Alisimulia jinsi alivyomchezea shere yule bwana aliyepekua nyumba nzima akatoka mikono mitupu, kumbe watu wamelala salama salimini mahali ambapo hata asingewaza. Mgeni alisema "mh" palipostahili, na "ikawaje?" pale hadithi ilipotaka kulala, na Chiriku akamwona mtu wa maana sana. Mwosha nywele alimkoholea mara mbili kutoka kwenye sinki. Chiriku alimwuliza kama amemeza sabuni.

Kisha akasema la mikate. Alisema mtoto masikini siku hizi anaota mikate tu, maana harufu inapanda kutoka dukani mpaka ghorofa ya tatu tangu alfajiri, na jana alipokuwa akimsuka alimwomba amletee mkate wenye zabibu. Alicheka mwenyewe. Mgeni hakucheka. Alichukua simu mapajani, kidole gumba kikacheza kidogo, akairudisha. Chiriku alidhani anamwandikia mumewe kwamba atachelewa.

Wakaendelea hivyo. Jua liliingia mlangoni likafika miguuni mwa mgeni. Upande wa kulia uliisha, utosi ukaisha, na Chiriku akaanza kuteremka upande wa kushoto, sasa akisimulia habari za mganga wa meno aliyeng'oa jino zima. Alikuwa katikati ya sentensi vidole vyake vilipofika shingoni na kukuta kitu. Nywele hazikushuka. Zilijisokota kuelekea juu, zikateleza, zikakataa kushikwa.

Vidole vilikijua kabla ya kichwa chake kukijua. Vilikuwa vimekishika kishungi hichohicho jana yake jioni, kwenye kichwa kidogo kuliko hiki. Chiriku alinyamaza. Mwosha nywele aligeuka kutazama kulikoni, kwa sababu saluni ile haikuwa imezoea kimya. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Chiriku akayasikia maneno yake yote, moja baada ya jingine, kwa masikio ya mtu mwingine. Mikate. Ghorofa ya tatu. Jana.

Alijua kwamba kimya kitamuumbua. Akajilazimisha kusuka na kusema.

"Ila hawapo tena huko," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Walishahama wiki iliyopita. Wamekwenda mbali sana, hata mimi sijui wapi."

"Umesema jana ulimsuka mtoto."

Kisogo hakikugeuka. Barabarani mtu alipita akiburuta mkokoteni.

"Huyo mtoto mwingine. Nasuka watoto wengi."

"Dada," mgeni akasema taratibu, "kaka alinikataza kukuuliza kitu. Alisema kaa kigodani unyamaze, atasema mwenyewe. Mimi nikabisha. Nikasema hakuna mtu wa hivyo."

Chiriku aliuachia mstari aliokuwa ameushika. "Umeshamwambia?"

"Tangu ulipotaja mikate."

Mikate ilikuwa zamani. Mikate ilikuwa upande wa pili wa kichwa. Mgeni aligeuka sasa, na Chiriku akauona uso wake vizuri kwa mara ya kwanza, ule uso uliokuwa mbele ya kisogo muda wote ule. Macho yalikuwa mekundu.

"Na mimi namwogopa," akasema. "Unadhani lile dirisha ndilo la kwanza? Kimbia, dada. Nenda."

Chiriku alitoka na chanuo mkononi, akimwacha mgeni na nusu ya kichwa. Gari la njano halikuwepo ng'ambo ya barabara, na kutokuwepo kwake kulimtisha kuliko kuwepo kwake kulivyowahi kumtisha. Simu ya mdogo wake ilikuwa imezimwa tangu siku walipotoroka. Ndani ya jengo lile alikuwa na namba moja tu. Alipiga huku anakimbia, akipishana na watu, na mzee wa posta akapokea mara moja, kama mtu aliyekuwa ameshika simu akingoja kupigiwa.

"Afadhali umepiga, mwanangu," mzee akaanza. Maji yalikuwa yamerudi, lakini machafu, rangi ya chai, na mguu haukumpa usingizi.

"Baba, nisikilize. Gonga mlango wa wale watu wangu. Waambie watoke. Sasa hivi."

"Ndiyo nilikuwa nakuja huko. Usiwe na wasiwasi kabisa. Shemeji yako ameshafika, mtu mstaarabu sana, amenisalimu vizuri, nikamwonyesha mlango. Nikamwambia nyumba hizi zinahitaji mwanamume, maana huu mguu wangu..."

Chiriku alipiga kelele kwenye simu, na mzee akaendelea kueleza mguu. Alipokata na kupiga tena, mzee alikuwa anazungumza na mwingine. Watu wa aina yake simu zao hazikai bure. Chiriku alitaka kumchukia yule mzee kwa moyo wote, lakini chuki ilikataa kwenda kwake. Ilirudi nyumbani. Yeye ndiye aliyemwaga mtama, mzee alikuwa mmoja wa kuku.

Aliipita kona ya sokoni bila kupunguza mbio. Kila hatua alikuwa anamwona mtoto. Hakumwona akilia. Alimwona amekaa kimya sakafuni, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Alimwomba Mungu mambo mengi bila mpangilio. Aliomba mzee awe amekosea mlango, aliomba mikate iwe haijaandikwa, aliomba arudishiwe asubuhi ile naye azaliwe bubu.

Gari la njano lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la mikate, limerudishwa nyuma mpaka karibu na ukuta, ndoano inaning'inia. Watu walikuwa wanaingia dukani na kutoka na mikate yao kama siku yoyote. Hakuna aliyetazama juu. Chiriku alipanda ngazi akisikiliza, akitafuta sauti ya mdogo wake, hata ya kilio, na hakusikia kitu isipokuwa matreya ya kuokea yakigongana huko chini.

Mlango wa chumba cha muuguzi ulikuwa wazi. Kitasa kilikuwa kimeng'olewa, kimelala sakafuni na skrubu zake. Winchi alikuwa amekaa kitandani peke yake, mikono magotini, kama mgeni aliyeambiwa asubiri.

"Karibu, shemeji," alisema.

Chiriku alitazama chumba kabla ya kumtazama yeye. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na kiatu kidogo mlangoni, wala begi chini ya meza, wala ile khanga iliyokuwa ikitumika kama pazia. Sufuria zilikuwa zimeoshwa na kufunikwa. Mashuka ya muuguzi yalikuwa yamefuliwa na kuanikwa kwenye kamba dirishani. Chiriku aliyagusa kwa ncha za vidole. Yalikuwa yamekauka kabisa. Hakuna aliyewaonya leo. Walikuwa wameondoka alfajiri, na mdogo wake alikuwa amefua kabla ya kuondoka, kwa sababu chumba ni cha watu.

Hapo akakumbuka lile kumbatio na nguvu zake. Hakukuwa na shukrani ndani yake. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akayasikia yale ya kwenye ngazi, akajua dada yake ni nani, akamuaga. Kilimchoma Chiriku kitu kifuani, furaha na aibu kwa pamoja, asijue ipi ni ipi.

"Wako wapi?" Winchi aliuliza.

"Sijui."

"Sikuja kugombana. Ongea tu. Wewe si unapenda kuongea?"

Akaonyesha kiti. Chiriku akakaa. Winchi hakusema jambo jingine. Alijua kazi yake. Aliwajua watu wa aina ya Chiriku, kwamba hawastahimili kimya, na kwamba ukiwaachia kimya watakijaza wenyewe. Akamwachia. Chini matreya yaligongana. Mlangoni nzi alizunguka. Na maneno yakaanza kumpanda Chiriku kooni kama siku zote, yakisukumana. Ni kweli hakujua walikokwenda, lakini alikuwa na ya kukisia. Kulikuwa na mama yao mdogo, mwenye nyumba ya kuku. Kulikuwa na binamu mwenye mashine ya kusaga nafaka. Kulikuwa na rafiki wa mdogo wake, fundi wa sare za shule, ambaye zamani walilala chumba kimoja. Kila jina lilifika kwenye ncha ya ulimi, akalirudisha. Mmoja wao huenda alikuwa anamfungulia mtoto mlango saa hiyohiyo.

"Amekwenda kwa mama mdogo," Winchi akasema, akimtazama machoni.

Chiriku alikuwa tayari kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye midomo. Kisha akawaza, pengine kwa mara ya kwanza maishani akawaza kabla, kwamba akisema hapana hapa na kunyamaza pale, atakuwa amesema yote. Hapana ingemwondolea njia moja na kumbakizia chache. Akafunga meno.

"Kwa binamu?"

Alijiuma shavu kwa ndani mpaka akaonja chumvi.

"Yule fundi wa sare?"

Chiriku alitazama sakafu. Aliogopa hata macho yake, yasije yakasema. Winchi akasimama, akaja taratibu, akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono wa kulia. Alitoa lile chanuo kwenye ngumi yake, akaliweka chini vizuri, kisha akakunjua kidole kimoja kimoja, akakichagua kile kirefu, akakirudisha nyuma kidogo, pale ambapo maumivu huanza.

"Unaishi kwa hivi," alisema kwa sauti ileile ya upole. "Mimi sina haraka."

Akakisukuma zaidi. Chiriku alisikia kitu kikivutika mpaka kwenye kiwiko. Machozi yalimtoka, na mkojo kidogo, na neno halikutoka. Alikuwa anaogopa vibaya sana. Asiogope nani? Lakini ndani ya hofu ile aligundua kwamba mdomo una mlango, na kwamba mwenye kuushika ni yeye.

"Hodi hapa," ikasema sauti mlangoni. Mzee wa posta alikuwa amesimama na fimbo yake, anaangalia kitasa sakafuni. Hakuona kilichokuwa kikiendelea, au aliona asielewe, kwa sababu alianza papo hapo. Kitasa kile ni cha zamani, alisema, cha mwenye jengo, na mwenye jengo ni mkorofi, atataka kujua nani kakivunja, na yeye mzee ameshampigia simu kumweleza kwamba kuna kishindo, na amewaambia wa ghorofa ya pili, na yule mwoka mikate amesema anapanda. Akageukia ngazi akaita watu waje waone kitasa. Akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akaja mwoka mikate na unga hadi kwenye nyusi, wakaja wengine. Mzee aliwaeleza wote kwa pamoja, akirudia kutoka mwanzo kila alipoongezeka mtu.

Winchi aliachia kidole. Alisimama, akapangusa magoti, akawaomba radhi wenyeji kwa sababu ya kitasa. Alipopita kwenye kiti cha Chiriku aliinama kidogo. "Utasema tu, shemeji," akamwambia. "Mimi nakujua." Akashuka, na punde gari likasikika likiwaka.

Polisi waliandika habari ya kitasa na ya kidole, wakamwambia arudi akifanyiwa jambo jingine. Kidole kilivimba, kikapona, kikabaki kimepinda kidogo. Saluni wateja wakaanza kulalamika kwamba Chiriku amepoteza ladha, siku hizi anasuka kama aliyefiwa. Mwenye saluni alimwuliza kama ana mimba. Alisema hapana, akaishia hapo. Kila mgeni aliyekaa kigodani, alimpapasa kwanza kisogo, upande wa kushoto, kwa kisingizio cha kutafuta mba. Yule dada wa Winchi hakurudi kumaliziwa nusu ya kichwa chake.

Gari la njano halikuacha kuja. Lilikuja asubuhi, likaja mchana, likakaa ng'ambo. Chiriku alijifunza kula bila hamu na kulala na roho mkononi. Kwa mdogo wake hakukuwa na habari, wala salamu kupitia kwa mtu, na hakuthubutu kumwuliza mama mdogo wala binamu, maana kuuliza nako ni kusema. Usiku aliwazika na kuwafufua. Wakati mwingine alitamani Winchi awe amekasirika zaidi, kwa sababu utulivu wake ungeweza kuwa na maana kwamba ameshawapata.

Mwezi wa mvua ulikuwa umeanza simu yake ilipolia katikati ya kazi, namba asiyoijua. Aliibana kati ya sikio na bega, vidole vikiwa vimejaa nywele za mteja.

"Dada."

Chiriku aligeuza uso ukutani. "Mko wazima?"

"Wazima. Mtoto ameanza shule. Anakuulizia kila siku, anasema huku hakuna anayejua kumsuka." Sauti ya mdogo wake ilikatika, ikarudi. "Nimekukumbuka mpaka nimeumwa, dada. Sikukuaga vizuri. Nisamehe. Nataka ujue tulipo, angalau siku moja uje, tupo hapa kwa..."

"Usiniambie."

Huko aliko mdogo wake kuliwika jogoo, kisha mtu akacheka kwa mbali.

"Dada? Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Usiniambie, mdogo wangu. Leo wala siku nyingine."

Alisikia mdogo wake akilia, na yeye akalia pia, bila sauti, akitikisika mpaka mteja akauliza kama ameumwa na kitu. Walibaki hivyo kwenye simu mpaka upande ule ukakatwa. Ng'ambo ya barabara kioo cha gari la njano kilikuwa kimeshushwa, na Winchi alikuwa anamtazama, akitafuna.

"Nani huyo amekuliza hivyo?" mteja akauliza.

"Wamekosea namba," Chiriku akasema, akaokota chanuo.